Kupeleka jeni bila virusi: maswali yenu ya wiki hii

Nikichanganya plasmidi (duara la DNA linalobeba jeni) na polietilenimini (polima yenye chaji chanya inayoifunga DNA), tyubu inapata ukungu. Nakosea wapi?

Ukungu maana yake chembe za DNA na polima zimeshikamana, na mara nyingi chanzo ni chumvi, kwa sababu inafifisha chaji inayozifanya zisukumane. Zimulia kwenye glukosi ya 5% badala ya maji ya chumvi. Uwiano wa N/P, yaani nitrojeni za polima kwa fosfeti za DNA, upigie hesabu. Mikrogramu 1 ya DNA ina takriban nanomoli 3 za fosfeti. Ukitaka N/P ya 8 unahitaji nanomoli 24 za nitrojeni, sawa na mikrolita 2.4 za myeyusho wenye nitrojeni milimoli 10 kwa lita. Zimua DNA na polima kila kimoja kivyake, ujazo sawa, bila seramu. Mimina polima kwenye DNA kwa mkupuo, si tone kwa tone, changanya papo hapo, subiri dakika 15 hadi 20, kisha tumia. (Kwenye sahani ya kukuzia seli, chembe kubwa kiasi wakati mwingine hufanya vizuri zaidi kwa kuwa hutua juu ya seli upesi. Kwa mnyama, hizohizo hukwama kwenye mapafu.)

Nikiongeza polima jeni inafanya kazi vizuri, ila seli zinakufa.

Inayoua ni hasa polima iliyobaki huru, ambayo bahati mbaya ndiyo pia inayosaidia chembe kuponyoka ndani ya seli. Shusha dozi nzima huku N/P ikibaki ileile, na ubadilishe midia (kimiminika cha kukuzia seli) baada ya saa 4.

Nimeipaka DNA rangi. Naiona imejaa ndani ya seli, lakini protini hakuna!

Tazama rangi imekaaje. Ikiwa nukta nukta, chembe zimemezwa na bado zimefungiwa kwenye endosomu (vifuko vya ndani ya seli), na huko nyingi huishia kusagwa. Kwa chembe za lipidi (mafuta) zilizobeba siRNA (RNA fupi inayozima jeni), vipimo vimeonyesha kwamba 1 hadi 2% tu ndizo hutoka. Kuongeza dozi hakufungui mlango huo, badilisha lipidi. Lipidi inayofaa haina chaji kwenye pH 7.4 ya damu, ila huipata endosomu inapokuwa na asidi, ikauvuruga utando wake. Lipidi ya patisiran, dawa ya siRNA iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, ina pKa (pH ambayo nusu yake huwa na chaji) ya karibu 6.4, na mchanganyiko wake ni lipidi hiyo 50, DSPC (lipidi saidizi) 10, kolesteroli 38.5 na lipidi ya PEG (yenye mkia wa polima unaozuia chembe kushikamana) 1.5 kwa asilimia ya moli. PEG ikizidi, chembe hukaa imara lakini seli haziigusi.

Hata ikitoka, DNA lazima iingie kwenye kiini, na seli isiyogawanyika haifungui kwa urahisi. Jaribu mRNA (nakala ya jeni inayosomwa nje ya kiini) ya protini ileile ndani ya kibebeo kilekile. mRNA ikitoa protini na DNA ikagoma, usihangaike tena na endosomu: kikwazo kiko kwenye kiini, au plasmidi yenyewe ina kasoro.

Chembe za lipidi zinagandishwa?

Ndiyo, kwa sukrosi ya 8 hadi 10%. Bila hiyo barafu huzibana hadi zikaungana. Pima ukubwa kabla na baada.