Karatasi kwanza: kukunja origami ya vipande na origami ya marinda

Mpira wa origami, yaani wa karatasi zilizokunjwa, wenye vipande 30 unapofumuka mkononi ukiwa umefika kipande cha 27, lawama huenda kwa vidole. Lakini mara nyingi kosa lilifanyika siku mbili kabla, pale steshenari, ilipochukuliwa karatasi nzuri kwa macho na mbaya kwa kazi. Origami ya vipande vingi na origami ya marinda, yaani teselesheni, hufundishwa pamoja kwa sababu zote mbili ni jiometri tupu, ila mahitaji yao ya karatasi yanapishana karibu kila hatua.

Umbo la vipande halina gundi wala uzi. Linasimama kwa sababu ulimi wa kipande kimoja umebanwa ndani ya mfuko wa kipande jirani, na kinachoubana ni msuguano pamoja na ukakamavu wa karatasi. Teselesheni ni karatasi moja isiyokatwa, inayokunjwa marinda yanayokutana na kuzungushwa mpaka uso wake ujae maumbo yanayojirudia kama vigae vya sakafu. Hapo karatasi hukunjwa mbele na nyuma kwenye mstari uleule, mara nyingi, na mistari hiyo hukatizana mamia ya mara. Karatasi kakamavu ya kawaida inayofaa sana kwa mpira wa vipande huanza kutoboka kwenye makutano ya mistari kabla teselesheni haijaanza kukunjamana.

Vipande: anza na Sonobe

Kipande kinachobeba jina la Mjapani Mitsunobu Sonobe ndicho cha kuanzia, kwa kuwa kina mikunjo michache, kinashika vizuri, na kipande hichohicho hujenga maumbo mengi. Vipande 3 vinatoa kito kidogo chenye pande sita za pembetatu, 6 vinatoa mchemraba, 12 vinatoa nyota yenye ncha nane, na 30 vinatoa ule mpira wa ncha ishirini ambao kila mtu anautamani.

Karatasi ya kawaida ya fotokopi, gramu 80 kwa mita ya mraba, inatosha kabisa. Karatasi ya A4 ni sm 21 kwa 29.7, hivyo ukikata miraba ya sm 7 unapata 12 kwa kila karatasi na kubakiwa na ukanda wa sm 1.7 tu. Karatasi tatu zinakupa miraba 36: thelathini ya mpira na sita ya kuharibu. Ukitaka umbo kubwa zaidi, kata miraba ya sm 9.9, zinatoka 6 kwa A4, kwa hiyo mpira unahitaji karatasi tano. Kipenyo cha mpira huzidi kidogo upande wa mraba ulioanza nao. Mraba wa sm 7 hutoa mpira wa kama sm 8, na wa sm 15 hutoa wa kama sm 17.

Kata kwa kisu na rula ya chuma, karatasi tatu nne kwa wakati mmoja, zisizidi hapo. Bunda likiwa nene, kisu huinama na karatasi za chini hutoka na upande wenye mshazari. Ukimaliza, kunja mraba mmoja kwa mshazari uone kama kona zinalingana. Milimita moja ya kosa kwenye mraba wa sm 7 inaonekana ndogo, ila vipande thelathini vinaijumlisha na pengo hutokea mahali pa mwisho.

Sasa mikunjo. Weka upande wa rangi chini. Kunja mraba katikati, ufungue. Leta upande wa kushoto na wa kulia kwenye mstari wa katikati kama milango miwili, kisha ufungue tena. Una mistari mitatu ya wima. Kunja kona ya juu kushoto mpaka ukingo wa juu ulale juu ya mstari wa wima ulio karibu, halafu fanya vivyo hivyo kona ya chini kulia. Ni kona hizo mbili tu. Funga milango. Chukua kona ya juu kulia uilete mpaka kwenye ukingo wa kushoto, kisha uichomeke chini ya mlango wa kushoto. Kona ya chini kushoto nayo iende ukingo wa kulia, chini ya mlango wa kulia. Umepata msambamba wenye mpasuko katikati. Ugeuze, uso laini uwe juu, ukunje ncha mbili kali mpaka ubaki mraba. Hizo ncha ndizo ndimi, na mpasuko wa upande wa pili ndio mlango wa mifuko.

Kwa mchemraba, ishia hapo. Kwa nyota na mpira ongeza mkunjo mmoja wa mshazari unaounganisha kona mbili ambazo ncha zimefikia, uso wenye mpasuko ukiwa ndani. Mkunjo huu ukiusahau, vipande vitaunganika kwa shida na mpira utabaki umevimba bila ncha.

Kosa linalopoteza muda kuliko yote ni kuchanganya mikono. Ukianza na kona ya juu kulia badala ya kushoto, utapata kipande sahihi kabisa lakini kilicho kama taswira ya kiooni, na kamwe hakitaingiliana na wenzake. Kabla ya kukunja ncha, panga misambamba yote mezani mpasuko ukiwa juu. Yote lazima iegemee upande mmoja. Kukizungusha kipande hakubadilishi mwegemeo wake, kwa hiyo kinachoegemea kwingine kifungue ukikunje upya.

Kuunganisha kuna sheria mbili. Vipande vitatu hukutana kufanya piramidi moja, kila ulimi ukiingia mfuko wa jirani. Piramidi tano zikutane kwenye kila kitovu kwa mpira wa 30, au nne kwa nyota ya 12. Hesabu vitovu hivi kila unapoongeza kipande. Ukiweka piramidi sita kwenye kitovu kimoja, umbo linanyooka na kuwa bapa, na hutagundua mpaka uwe umeunganisha kumi zaidi. Vipande vitatu vya mwisho visukumwe pamoja: legeza majirani, ingiza kila ulimi nusu, kisha kaza kwa kuzunguka. Vibanio vidogo vya nguo vinasaidia kushikilia upande uliokwisha kukaa.

Ukitumia rangi tatu, kata kumi za kila rangi na uhakikishe kila piramidi ina rangi zote tatu. Mpangilio huo unawezekana mpira mzima bila rangi kujirudia ndani ya piramidi.

Baada ya Sonobe, kipande cha kujifunza ni PHiZZ cha Mmarekani Thomas Hull. Huanza kwa kukunja mraba robo nne kwa zigizaga, na kufuli lake ni imara kiasi kwamba maumbo makubwa husimama bila hofu. Vipande 30 hutoa umbo la nyuso 12 za pembetano. 90 hutoa umbo la mpira wa miguu wa kizamani, pembetano 12 na pembesita 20. Kwa kazi ya vipande 90, miraba ya sm 7 inatoka kwenye karatasi nane za A4.

Karatasi ya vipande

Gramu 70 hadi 90 ndiyo salama. Karatasi za kumbukumbu zinazouzwa kwa bunda, zilizokatwa mraba tayari, ni chaguo zuri na zinaokoa kazi ya kisu. Pima kwanza maana nyingine zina tofauti ya milimita moja au mbili kati ya upana na urefu. Manila ni nene mno kwa miraba midogo: tabaka hurundikana kwenye ncha, ulimi hauingii mpaka mwisho, na mfuko hupasuka ubavuni. Ihifadhi kwa vipande vya sm 20 na zaidi, ambapo karatasi ya fotokopi huanza kulegea.

Karatasi za majarida zinazong'aa ni mtego. Zinakunjika vizuri na rangi zake zinavutia, lakini ndimi huteleza, na mpira uliokamilika jioni unakuwa umelegea asubuhi. Karatasi ya zawadi ya plastiki haishiki mkunjo kabisa.

Karatasi ina uelekeo wa nyuzi. Pinda karatasi taratibu kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuivunja. Upande unaopindika kwa urahisi mkunjo wake unafuata nyuzi. Ukikunja vipande vyote huku nyuzi zikielekea upande mmoja, vitakuwa na ugumu unaofanana na mpira utakuwa wa duara. Ukichanganya, upande mmoja hubonyea.

Kwa wanaokunja Pwani, unyevu nao ni wa kuzingatia. Karatasi hunyonya maji ya hewani, hulainika, na hutanuka zaidi kukatiza nyuzi kuliko kuzifuata. Wakati wa masika hifadhi miraba iliyokatwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na vipande vilivyokunjwa vilale chini ya vitabu vizito usiku mzima kabla ya kuunganishwa. Vikikandamizwa hivyo mikunjo hukaa, na msuguano wa mfuko huongezeka kwa namna inayohisika mkononi.

Teselesheni: gridi ndiyo kazi

Shuzo Fujimoto wa Japani ni miongoni mwa walioufungua ulimwengu huu wa marinda yanayozungushwa. Uzuri wake huonekana mwishoni, lakini theluthi mbili za kazi ni kukunja gridi, yaani mistari inayoigawa karatasi nzima kuwa viraba, na anayeharakisha gridi hana teselesheni.

Anza na mraba wa sm 25 hadi 30 na gridi ya 16. Kwa sm 30, kila kijiraba kinakuwa karibu milimita 19, ukubwa ambao vidole vya mtu mzima vinaumudu. Gridi ya 32 kwenye karatasi hiyohiyo inashuka hadi milimita 9. Iache mpaka umalize tano sita za 16.

Gawa kwa nusu: mstari mmoja, kisha robo, kisha nane, kisha kumi na sita. Usikunje tabaka mbili pamoja ili kuokoa muda, maana tabaka la ndani hupungukiwa na unene wa lile la nje na mistari huhama. Ili kupata mistari ya kumi na sita, leta ukingo wa karatasi kwenye mstari wa nane wa kwanza, kisha wa tatu, wa tano, wa saba. Halafu rudia kutokea ukingo wa pili. Mikunjo yote iwe bonde, yaani mstari uzame chini, kwenye uso uleule. Ukimaliza pande zote mbili una mistari 30, na sasa kila mstari ugeuzwe uwe mlima pia, yaani uinuke juu. Hatua hii ya kugeuza inachosha, lakini ndiyo itakayofanya karatasi ijikunje yenyewe baadaye.

Zungusho la kwanza ni la mraba. Chagua katikati ya gridi kijumba cha viraba 2 kwa 2. Unganisha katikati ya pande zake nne kwa mishazari mifupi, umepata almasi. Bana mishazari hiyo minne tu iwe milima, kwa ncha za vidole, na usiiendeleze nje ya almasi. Kutoka kila ncha ya almasi hutoka mistari miwili ya gridi: ule unaokwenda moja kwa moja mbali na kitovu uwe mlima, na ule unaokwenda ubavuni, kushoto kwako ukiwa umeitazama ncha kwa nje, uwe bonde. Fanya ncha zote nne kwa namna moja. Marinda manne yatajitokeza kama mabawa ya kinu cha upepo. Yasukume yote kwa pamoja kidogo kidogo huku ukiizungusha almasi, nayo italala bapa. Ukilazimisha rinda moja lilale kwanza, la nne litagoma.

Likigoma, hesabu. Kwenye kila makutano ya umbo linalolala bapa, tofauti ya idadi ya milima na mabonde ni mbili daima. Kanuni hii inaitwa kwa jina la Jun Maekawa. Kila ncha ya almasi yako lazima iwe na milima mitatu na bonde moja. Penye mbili kwa mbili ndipo penye kosa.

Ukiongeza zungusho la pili jirani, lizungushe kinyume cha la kwanza, maana rinda linalowaunganisha ni moja na mlima wake hauwezi kuwa pande mbili. Panga ukubwa mapema pia: kila rinda la upana wa kiraba kimoja humeza viraba viwili. Gridi ya 16 yenye zungusho moja hubaki 14, na yenye mazungusho manne, mawili kwa mawili, hubaki 12.

Karatasi ya teselesheni

Hapa tafuta nyuzi ndefu. Karatasi ya kaki, ileile ya kufunikia madaftari, ni rafiki wa kweli: ni nyembamba, haichaniki kirahisi, inakubali kugeuzwa mara nyingi. Nunua ya bapa au ya bunda la mviringo iliyonyooshwa, kwani mkunjo wa dukani ukiwa katikati ya gridi utakusumbua mpaka mwisho. Ile yenye upande mmoja unaong'aa ikunje upande huo ukiwa nje.

Wakunjaji wa Ulaya wanaipenda Elephant Hide, ya gramu 110, kwa sababu mkunjo wake ni mkali na haichoki. Ukiipata, ndiyo bora kwa gridi ya 32. Glasini, nyembamba na inayopitisha mwanga, huifanya teselesheni ikitundikwa dirishani ionyeshe tabaka kama vivuli vya uzito tofauti. Ila kila mkunjo uliokosewa utaonekana milele. Fotokopi inatosha kwa mazoezi ya gridi ya 8 na 16. Karatasi yenye rangi upande mmoja na kiini cheupe hupasuka rangi kwenye kila mstari, na ya foili hukumbuka mkunjo kwa nguvu hata kuugeuza kunakuwa vita.

Jaribio la dukani ni rahisi, na muuzaji akikuruhusu kipande kidogo, lifanye: kunja kona, pitisha ukucha, geuza upande wa pili, pitisha tena, mara kumi. Kisha kunja mstari wa pili ukatize wa kwanza, nao mara kumi. Inyanyue kwenye mwanga. Ukiona tundu la mwanga kwenye makutano, irudishe, au ichukue kwa ajili ya Sonobe.

Teselesheni ikishalala bapa, iweke kati ya karatasi mbili safi chini ya vitabu kwa siku mbili. Ya kaki inaweza kunyunyiziwa ukungu mwembamba wa maji kabla ya kukandamizwa, ibanwe pembeni na kuachwa ikauke kabisa, na mikunjo itakaza. Fotokopi usiinyunyizie, itavimba na gridi yote itapoteza ukali wake.