Peroksaidi ya hewa na umeme, kweli au stori?

SWALI: Habari zenu wahariri. Ile haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa ya kusafishia vidonda, nimesikia eti inatengenezeka kwa hewa, maji na umeme basi. Kweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kweli kabisa, ila shughuli yote iko kwenye kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha. Oksijeni ya hewani ni atomi mbili zimeshikana, sasa ukiipa elektroni nne zile atomi zinaachana unapata maji tu, ukiipa mbili zinabaki zimeshikana na hapo ndo unapata peroksaidi. Kichocheo cha madini ya platinamu kinapenda kuachanisha, ndo maana iko kwenye magari ya haidrojeni kama Toyota Mirai, kule peroksaidi ni adui maana inakula utando wa ndani wa seli ya mafuta, kile kifaa cha gari kinachogeuza haidrojeni kuwa umeme. Wewe unataka kinyume: kaboni iliyooksidishwa kidogo usoni, au atomi za kobalti moja moja zilizotawanywa kwenye kaboni. Na kaboni ni bei chee!

Ila chupa yako ya asilimia 3 yaelekea imetoka kiwandani kwa njia ya antrakwinoni (kemikali inayobeba haidrojeni hadi kwenye oksijeni), inatumia haidrojeni na madini ya paladiamu kama kichocheo, ilianzia Ujerumani miaka ya 1930 na mpaka leo ndo inatawala soko. Hii ya umeme inafaa zaidi kusafishia maji palepale unapoishi, japo inayotoka huwa nyepesi.

Lile povu kidondoni? Ni katalasi, kimeng'enya chenye madini ya chuma, inavunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Usimwagie kila siku lakini, inaunguza hadi seli za mwili zilizo nzima.