"Kompaila ya ARM" ni ipi hasa?

SWALI: Ninaandika mwongozo wa Kiswahili wa kutengeneza kompaila (programu inayofasiri msimbo kuwa lugha ya mashine) kwa prosesa za usanifu tofauti, kama ARM, x86-64 na RISC-V. Mwenzangu aliyeupitia anasema "kompaila ya ARM" ina utata, na kwamba "tofauti" ingekuwa "mbalimbali". Je, ni kweli?

JIBU: Ni kweli yote mawili, na hilo la kwanza ndilo zito zaidi. A-unganifu ("ya", "wa", "cha" na kadhalika) hubeba mahusiano mengi. "Picha ya Asha" yaweza kuwa picha anayoimiliki Asha, aliyoipiga, au inayomwonyesha yeye. Kadhalika "kompaila ya ARM": inaendeshwa kwenye ARM, au inatoa msimbo wa mashine wa ARM? Anayeandika programu ya Android kwa C++ mara nyingi anatumia laptopu ya x86-64, ilhali simu itakayoiendesha kwa kawaida ina ARM. Kompaila iko hapa, msimbo unakwenda kule. GCC, kompaila iliyotoka 1987, hutofautisha hata mashine tatu: inapojengwa kompaila, itakapoendeshwa, na ile itakayopokea msimbo wake.

Wapo wanaokimbilia kauli ya kutendea: "mashine ninayojengea kompaila". Utata unabaki palepale, maana kauli hiyo hutaja mahali na chombo (chumba cha kulia, kisu cha kukatia) na pia anayetendewa (kumpikia mtoto). Msomaji hatajua kama unajengea juu ya mashine hiyo au kwa ajili yake.

Mimi ningeandika: "kompaila inayoendeshwa kwenye x86-64 na kutoa msimbo wa ARM". Ni ndefu, lakini haina njia mbili. Baada ya kuitaja hivyo mara moja, sema "mashine lengwa" kwa ile inayopokea msimbo. Walimu wa tafsiri wamezoea "lugha chanzi" na "lugha lengwa", na kompaila nayo ni mfasiri, kwa hiyo neno litakaa vizuri.

Kuhusu "tofauti": matumizi yako yameenea sana, ila unapoorodhesha x86-64, ARM na RISC-V unasema aina kadhaa, na hapo "mbalimbali" ndilo neno. Hifadhi "tofauti" kwa ulinganisho wenyewe. Kujumlisha namba mbili nzima za biti 32, ARM ya biti 64 huandika <code>add w0, w0, w1</code>, na RISC-V ya biti 64 huandika <code>addw a0, a0, a1</code>. Hapo sema bila wasiwasi: kazi ni moja, amri ni tofauti.