Mfuko wa ndani ndio unaoigusa santuri

Santuri zangu nyingi nimeachiwa na baba, hapahapa Kaloleni, Arusha. Ni zile ndogo za inchi 7, za spidi ya mizunguko 45 kwa dakika, muziki wa dansi mtupu. Baba alikuwa shabiki wa akina Kinyonga, wale ndugu wanamuziki Wilson na George, tangu walipokuwa hapa mjini na bendi ya Arusha Jazz, kabla hawajavuka kwenda Nairobi kuanzisha bendi ya Simba Wanyika mwaka 1971.

Ziliponifikia, karatasi zake, yaani mifuko ya ndani inayozifunika, zilikuwa zimechakaa. Nikazinunulia mifuko ya nailoni laini, inayong'aa kama kioo. Ilipendeza kweli. Miaka miwili baadaye nikavuta moja, ikagoma kutoka. Nailoni ilikuwa imeing'ang'ania. Nilipoiinamisha kwenye mwanga wa dirisha nikaona utando mweupe umeenea kwa mawimbi, palepale nailoni ilipolalia. Nikafuta, wapi! Nikaosha mara tatu, ukabaki vilevile. Kuweka sindano, gitaa la solo likasikika kwa mbali, nyuma ya mchwaruzo kama wa maandazi yakitumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Niliumia sana.

Mifuko ile ilikuwa ya PVC. Santuri nayo ni jamii hiyohiyo ya plastiki, ila ngumu. Ile ya mifuko imelainishwa kwa kemikali, na kemikali hizo hutoka taratibu zikahamia kwenye santuri, hasa penye joto. Basi kabla hujalipa, inuse. PVC inanuka kama kitambaa kipya cha plastiki cha mezani, na vidole vinanata kidogo.

Unachotaka ni polithini. Rangi yake ni ya maziwa maziwa, haina harufu, na ukiifinya inachakarika. Mimi napenda ile nyembamba yenye umbo la mviringo chini, maana inaingia ndani ya jalada bila kukunja pembe. Iliyo bora zaidi imetengenezwa isivute umeme tuli, na kwa mji wetu hilo si anasa: kiangazi, vumbi la barabarani linaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa, na santuri yenye umeme huo hulidaka lote.

Karatasi tupu je? Inafaa kwa muda. Shida yake inaacha vumbi lake yenyewe na kukwaruza kila unapochomoa, na masika inavuta unyevu, kuvu ikapata pa kuanzia. Ipo ya karatasi iliyotandikwa polithini ndani. Hiyo ni nzuri, ila ni nene, na jalada la zamani huweza kupasuka mshono.

Osha santuri na uiache ikauke kabisa kabla ya kuivalisha mfuko mpya, la sivyo unahamisha uchafu tu. Karatasi ya zamani usitupe, hasa yenye nembo ya kampuni au mwandiko wa mwenyewe. Za baba nimezihifadhi kando. Kwenye kadhaa ameandika jina lake kwa kalamu ya wino.

Ukiagiza, taja kipimo. Wauzaji wengi wanadhani kila mtu ana za inchi 12, na santuri ya inchi 7 kwenye mfuko wa inchi 12 inacheza humo ndani na kujikwaruza. Agiza kidogo kwanza, uzivalishe zile santuri unazozipiga kila wiki.