Nilihesabu fremu za mkono wa bibi

Mwaka wangu wa pili chuoni, mwalimu wetu wa animesheni alizima taa akatuonyesha kazi zetu tano, moja baada ya nyingine, bila majina. Mwenye kazi alitakiwa anyooshe mkono akiiona yake. Ya tatu ikaanza, nikatulia nikisubiri mwenzangu anyooshe. Ilipofika katikati mtoto akainua kikombe cha bati, na kikombe kile nilikuwa nimekichora kwa siku mbili nzima. Kumbe ni yangu. Macho makubwa yenye nukta mbili nyeupe, nywele zinazopepea hata ndani ya chumba kilichofungwa, nyasi ndefu, mawingu manene ya mchana: kazi nne kati ya zile tano zilikuwa hivyo. Sote wanne tulimpenda Hayao Miyazaki, mtengenezaji wa filamu za animesheni wa Japani, na sote wanne tulikuwa tumemchukulia kitu kilekile.

Mwalimu hakutugombeza. Alisimamisha picha kwenye ile ya kwangu akauliza, "Huyu mtoto kwao ni wapi?" Sikuwa na jibu. Nilirudi hosteli na swali hilo, likanikalia kooni muhula mzima.

Kama unasoma animesheni, au unajifunza mwenyewe kwa kompyuta ya kuazima, swali hili litakufikia, na mara nyingi litakuja limefuatana na ushauri: acha kutazama kazi za watu, jifungie, mtindo wako utakuja wenyewe. Anayekushauri hivyo hakosi kukukumbusha ile ya mwiga tembo kupasuka msamba. Mimi sikubaliani naye. Sijaona fundi cherehani aliyejua kukata suti kwa kujifungia, wala mpiga udi aliyepata mkono wake bila kukaa miaka akifuata vidole vya mwingine. Kosa letu wanne ni kwamba tulimwiga Miyazaki kijuujuu. Tulichukua nywele zake, kazi yake tukaiacha.

Ngoja nieleze. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, yaani nafasi 24 za picha zinazopita mfululizo. Mchoraji anaweza kuchora picha 24 kwa sekunde hiyo, lakini mara nyingi huchora 12, kila moja ikakaa fremu mbili. Katuni nyingi za televisheni za Japani huenda na picha 8, kila moja fremu tatu, na pengine mhusika husimama tuli kabisa, mdomo tu ukicheza. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuchora uso uleule, kila mmoja akaupa mwendo wake, na mtazamaji akaona watu wawili tofauti. Mtindo wa mwanaanimesheni umo humo, kwenye muda: picha ipi ikae, ipi ipite, mkono uanze lini na utulie lini. Mimi nilikuwa nasimamisha filamu ili ninakili nywele. Kwa kuisimamisha tu, nilikuwa nimeshapoteza nilichokuwa nakitafuta.

Likizo ile nikafanya kazi ambayo namshauri kila mwanafunzi aifanye kabla ya kulipia kozi yoyote. Nilichagua sekunde nne tu za filamu ya Miyazaki, fremu 96, mtoto anakaa chini baada ya kukimbia. Nikazipitia moja moja kwa kitufe cha mshale, na kwenye daftari la hesabu nikaandika namba ya kila picha na fremu ilizokaa. Ilinichukua jioni tatu. Karibu nusu ya ukurasa ilikuwa ni kutulia: picha ileile, bega likipanda kidogo kwa pumzi, halafu tena picha ileile. Wajapani wana neno la nafasi hiyo tupu, *ma*, na Miyazaki mwenyewe amelizungumzia kwenye mahojiano. Miaka mitano nilikuwa natazama filamu zake na nafasi hiyo sikuwahi kuiona.

Kuhusu programu sina mengi. Krita na OpenToonz ni za bure na zinatosha. OpenToonz imetokana na Toonz, ambayo Ghibli, studio ya Miyazaki, ilikuwa ikiitumia, na tangu 2016 yeyote anaipakua bila kulipa. Kompyuta yangu ilikuwa na RAM ya GB 4, ikawa inakwama kila dakika, nikapunguza picha hadi pikseli 1280 kwa 720 na kazi ikaenda. Usisubiri mashine.

Baada ya hapo nilikaa na Lotte Reiniger, Mjerumani aliyekata vivuli kwa mkasi. Kati ya 1923 na 1926 alitengeneza filamu ndefu kutokana na hadithi za Alfu Lela Ulela, na ndiyo filamu ndefu ya animesheni ya zamani zaidi ambayo bado ipo. Wahusika wake ni vipande vyeusi vilivyounganishwa kwa waya kwenye viungo, vimelazwa juu ya kioo chenye taa chini yake, kamera ikitazama kutoka juu. Nikakata wa kwangu kwa manila nyeusi, nikamfunga viungo kwa uzi wa kushonea viatu, nikafunga simu kwenye stuli iliyopinduliwa. Mhusika wa hivyo hana jicho la kulia machozi. Huzuni yote lazima ikae shingoni na kwenye vidole. Nilipojaribu kumhuzunisha wa kwangu, alisimama tu kama mlingoti, nikagundua kwamba katika kazi zangu zote za nyuma macho makubwa yalikuwa yakinifanyia kazi ambayo mwili ulipaswa kuifanya. Jaribu hili hata leo usiku: mpake mhusika wako rangi nyeusi yote, kisha mwonyeshe mtu asiyejua hadithi, umuulize huyu anafanya nini.

William Kentridge wa Afrika Kusini nilimjaribu pia. Yeye huchora kwa mkaa, hupiga picha, hufuta kidogo na kuchora tena juu ya karatasi ileile, kwa hiyo kila mwendo huacha doa lake nyuma. Mkaa wa jikoni unakwaruza karatasi. Nilichoma vijiti vyembamba ndani ya kopo lililofunikwa, vikatoka vilaini. Lakini sikudumu naye. Madoa yale yanabeba habari za Johannesburg, mji wake, na mimi sikuwa na jambo la kusema kwa madoa. Nalitaja hili kwa sababu wanafunzi wengi huona aibu kumwacha msanii wanayemheshimu. Unaweza kumheshimu mtu maisha yako yote na bado usiende njia yake.

Aliyenifungua macho hakuwa mwanaanimesheni. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akapita kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akafika Dar es Salaam, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora wanyama juu ya siling bodi kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia milango na baiskeli. Alikufa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Alichora kwa miaka minne tu hivi, na jina lake likawa jina la sanaa nzima. Mimi nimekua nikidhani tingatinga ni picha za kuuzia watalii, na najutia jambo hilo, kwa sababu mwalimu mkubwa hivyo alikuwa jirani yangu na mimi nilikuwa nimegeukia Japani.

Jumamosi moja nikaenda Oysterbay, pale Morogoro Stores, ambako warithi wa sanaa yake bado wanachora. Nilimwamkia mzee mmoja, akaitikia, akanisogezea kigoda nikakaa ubavuni mwake hadi alasiri. Alipaka ubao mmoja rangi ya chini, akauweka pembeni, akachukua mwingine uliopakwa tangu jana. Rangi ya mafuta ukiigusa kabla haijakauka inachafuka, kwa hiyo hapana haraka: leo rangi ya chini, kesho mnyama, nukta mwisho. Nikamuuliza kwa nini nukta nyingi hivyo. Akachovya brashi akavuta mstari mrefu juu ya kipande cha ubao; ulipofika katikati ukafifia. Kisha akadonoa nukta kumi kwa mpigo mmoja, zote sawa. "Hizi hazikatiki," akasema, akaendelea na kazi.

Nilitembea hadi kituo cha daladala nikiwaza mkono ule. Umbo ambalo dunia nzima inalitambua kwa jina la mtu mmoja lilitokana na kopo la rangi, ubao wa dari, na mtu aliyekubali vitu hivyo vimwelekeze. Umbo hilohilo limeshafika kwenye animesheni: mfululizo wa Tingatinga Tales, ulioanza kuonyeshwa 2010, ulitengenezwa Nairobi. Niliutazama upya baada ya Oysterbay nikiwa na daftari langu. Macho ya duara na nukta wachoraji waliyakuta tayari. Lakini ubao wa Tingatinga hausemi chui anatembeaje, wala tembo akigeuka anaanza na kichwa au na mguu. Hilo walilitunga wenyewe.

Basi nami, mwendo wangu ningeutoa wapi? Jibu nililipata Muheza, kwa bibi, na sikwenda kulitafuta. Nilikuwa nimekaa kibarazani, yeye anakuna nazi. Nikamwomba nimrekodi kwa simu. Akasema, "Mjukuu wangu, hata kanga sijaivaa vizuri," akajitengeneza, akaendelea.

Ile video nimeitazama mara nyingi kuliko filamu yoyote. Bibi amekaa juu ya mbuzi, mgongo umeinama na hausogei. Nusu ya nazi imejaa kiganjani. Anasukuma mbele na chini kwenye chuma chenye meno, anarudi, anasukuma. Kiwiko hakiendi popote. Kazi yote iko kwenye kifundo cha mkono. Baada ya mara nne au tano anatua kidogo, kidole gumba kinakizungusha kifuu kiasi cha upana wa ukucha, halafu anaanza tena. Nilihamisha video kutoka fremu 30 za simu hadi 24 nikaanza kuhesabu. Kusukuma, fremu 4. Kurudi, 5. Kutua na kuzungusha, 11. Hata mara moja hakukosea zaidi ya fremu moja. Amekuna nazi hivyo kwa miaka sitini, na saa yake iko mkononi.

Nilichora sekunde 40 za bibi bila rangi, mistari tu, kwa hesabu zake mwenyewe. Uso sikuuchora kabisa, hilo nilijifunza kwa Reiniger. Pale kwenye kutua sikujaza kitu, hilo ni la Miyazaki. Na ule uvumilivu wa kumaliza tabaka moja kabla ya kugusa jingine ulitoka kwa mzee wa Oysterbay. Mandhari ya nyuma niliiharibu kwa kuweka majani mengi, na leo ningeyafuta yote. Hata hivyo, nilipoionyesha darasani, mwenzangu aliyekaa nyuma aliijua kabla mimi sijanyoosha mkono.

Sikujua bado kama huo ni mtindo au ni bahati ya kazi moja. Nilichora mvuvi anayeshona nyavu, kisha mama ntilie anayepanga sahani, kisha mtoto anayefunga kamba za viatu. Binti wa mjomba wangu, ambaye hachori kitu, ndiye aliyeniambia: "Watu wako wote wanafanya haraka kidogo, halafu wanakaa kama wamekumbuka jambo." Nikarudi kwenye daftari kuhesabu. Ni kweli. Mipigo mifupi, kisha mtulio mrefu, na ndani ya mtulio kitu kidogo kinageuka. Sikupanga. Ndicho kilichokuwa kinabaki kila nilipotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Kwa hiyo ukiniuliza uanze na nani, nitasema anza na yule unayempenda hadi unaona wivu, ila chukua sekunde nne zake badala ya picha zake. Kaa naye mwezi. Kisha nenda kwa mwingine asiyefanana naye kabisa, na mmoja wao awe wa kwenu, hata kama hajawahi kugusa kompyuta. Mazoezi hayo ya kunakili yahifadhi kwenye daftari; usiyaweke kwenye kazi za kuombea ajira, na ukiyaonyesha kwa watu, taja uliyemnakili. Halafu chukua simu umrekodi mtu wa nyumbani akifanya kazi anayoifanya kila siku, umwombe ruhusa kwanza, na uhesabu. Hesabu za mwili wa mtu unayemjua hazipo kwenye filamu ya mtu mwingine yeyote.

Mimi bado niko kwenye zoezi. Mwezi huu nimekaa na Yuri Norstein, Mrusi, anayelaza vipande vya karatasi kwenye vioo kadhaa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ukungu unaoonekana kwenye filamu yake moja aliupata kwa karatasi nyembamba sana aliyokuwa akiiinua taratibu kuelekea kamera. Nimeng'oa vioo viwili vya kabati bovu la vyombo nikavipandisha juu ya matofali, maana nataka ule ukungu wa alfajiri wa mto Pangani, bibi akiwa ng'ambo na ndoo. Karatasi ya kufungia maandazi imekuwa nzito, inamfunika hadi kichwa. Kesho najaribu ile ya kunakilia ramani.