Tiki na kugusa kitasa

Dada wa Igoma, umeuliza kama mwanao anayepepesa macho na kugusagusa kitasa ana ugonjwa mmoja au miwili. Yawezekana ni miwili, hufuatana sana. Kupepesa ni tiki, yaani mwendo wa mwili unaojirudia bila kukusudia: msukumo humjia kama chafya, akipepesa anapata nafuu. Kugusa kitasa kunaweza kuwa kitu kingine. Muulize taratibu anaogopa nini asipokigusa. Akijibu “baba atazama ziwani”, hapo kuna wazo linalomlazimisha, na huo ndio ugonjwa wa pili, unaoitwa OCD. Ila wengine hugusa tu mpaka “ikae sawa”, na hapo hata daktari hupata kazi kutofautisha. Tafadhali asichapwe, hafanyi makusudi! Mpeleke hospitali ya Bugando, idara ya afya ya akili, uwaeleze yote mawili, maana mazoezi ya tiba hutofautiana.