Mseto wa vyama huku, na wazee ninaowaogesha

Shikamoo Mjomba, na salamu kwa nyote mlioko Mombasa. Umeniuliza kama serikali za mseto za huku Uingereza, yaani vyama kuungana kutawala, ni sawa na ile serikali yetu ya nusu mkate ya 2008, ya Kibaki na Raila, na kama sisi wageni zinatuhusu. Zinatuhusu sana.

Yetu ilizaliwa baada ya damu kumwagika. Huku kinachovikutanisha vyama ni hesabu ya viti. Bunge la Uskoti, sehemu ya Uingereza ninakoishi, lilipoanza 1999, Labour, chama cha mrengo wa kushoto, walipata viti 56 kati ya 129, pungufu ya nusu. Wakaketi na Liberal Democrats, chama cha mrengo wa kati kilichokuwa na viti 17, wakaandika mapatano na kuyatangaza. Wakatawala pamoja hadi 2007.

Matunda ya ushirika ule nayaona kila asubuhi. Kazi yangu hapa Glasgow ni kuhudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwavisha, kuwalisha. Tangu 2002, mtu wa miaka 65 na zaidi ambaye halmashauri imethibitisha kwamba anahitaji msaada huo hatozwi chochote. Ndani ya Labour walikuwapo waliosita kwa kuogopa gharama. Liberal Democrats wakakaza, na sheria ikapita. Ukivuka mpaka kuingia England, mzee mwenye akiba yake anajilipia. (Anayehamia makao ya wazee bado hulipia malazi, hata hapa, na familia nyingi hushtuka sana zikifika hapo.)

Chama hicho hicho cha Liberal Democrats, kule London kwenye Bunge la Uingereza nzima, kilifanya jambo ambalo mimi siwezi kulitetea. Baada ya uchaguzi wa 2010 kilikuwa na wabunge 57. Kuungana na Labour kungewapa viti 315 tu, na wingi wa bunge lile ni 326, kwa hiyo wakaenda kwa Conservative, wa mrengo wa kulia. Hilo naweza kulielewa. Lakini wabunge wao walikuwa wametia saini ahadi kwa wanafunzi kwamba watapinga nyongeza ya ada ya vyuo vikuu. Wakiwa serikalini, wengi wao waliokuwa na nyadhifa wakaipigia kura ada ya England ipande hadi pauni 9,000 kwa mwaka. Mwaka 2015 wapigakura wakawabakishia viti 8. Chama kilistahili.

Na ndiyo, Mjomba, tunapiga kura. Mkenya anayeishi hapa kihalali anaruhusiwa kujiandikisha kwa kuwa Kenya imo katika Jumuiya ya Madola, hata kama hana uraia wa huku. Wenzangu kazini huogopa kwamba fomu ile itawaharibia kibali cha kuishi. Haiharibu. Nawahimiza waijaze, kisha mgombea wa chama kidogo akija kubisha hodi wamuulize: mkiitwa kuingia serikalini, ni jambo gani hamtakubali kuliacha mlangoni?